Fuwele Zilizogoma

Asubuhi ile fuwele ziligoma. Kimya aliisogeza chupa karibu na dirisha, akaiinamisha, akaikodolea macho kama mtu anayemsubiri mgeni aliyesema yuko njiani tangu jana. Ndani hamkuwa na kitu ila majimaji mazito ya rangi ya asali, yaliyojivuta polepole upande mmoja, kisha yakarudi upande wa pili bila haya. Alikwisha kuyaweka kwenye barafu. Alikwisha kuikwaruza chupa kwa ndani kwa kijiti cha kioo, kama wanavyofundishwa wote, maana fuwele nyingine hutaka mahali penye mkwaruzo pa kuanzia. Alikwisha kudondoshea chembe moja ya fuwele za zamani, ili hizi mpya zione mfano ziige. Chembe ikayeyuka, ikapotea, na majimaji yakabaki vilevile.

“Bado tu?” aliuliza Redio kutoka meza ya pili.

“Bado.”

“Labda ulizisemesha vibaya.”

Redio alikuwa mwanafunzi mwenzake, na jina hilo alilipata kwa sababu aliongea kuanzia anapofungua mlango wa maabara mpaka anapoufunga. Yeye ndiye aliyemwita mwenzake Kimya, siku ya kwanza alipomsalimu akajibiwa kwa kichwa, na jina likaganda. Kimya hakuwa na kinyongo naye. Shida ni kwamba jioni ya siku hiyo, kama mambo yasingebadilika, angekuwa msaidizi wake.

Profesa alikuwa amelisema jambo hilo wiki iliyotangulia, tena bila ukali, na huko kukosa ukali ndiko kulikomuuma zaidi. Alisema kichocheo cha Kimya kilikuwa wazo zuri, lakini mawazo mazuri mengi hufa na hakuna msiba. Amletee matokeo ya mwisho, ya kile kichocheo kipya chenye mkono mnene. Kama nacho kimeshindwa, kazi hiyo itafungwa, na yeye atahamia kwenye vichujio vya maji vya Redio, ambavyo angalau vilikuwa vinachuja.

Kichocheo hicho, ndicho kilichozaa majimaji ya leo, Kimya alikijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, tangu alipoanza masomo ya juu. Alikijua kama mtu anavyojua ufunguo wa kwao ulivyo na ukaidi. Kuifunga kazi hiyo kulikuwa ni kumwambia kwamba miaka yote ile alikuwa akiosha vyombo tu.

Kueleza kazi yenyewe nyumbani kulikuwa kumemshinda kwa muda mrefu. Alikaa kwa dada yake, na shemeji yake aliwatangazia majirani kwamba shemeji mtu anatengeneza sabuni. Kila alipomsahihisha, shemeji alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama hiyo dawa yake inaua mende. Mpaka siku moja dada akarudi kutoka mtaani na ndara alizozichagua haraka kwenye fungu, na alipozivaa akakuta zote mbili ni za mguu wa kushoto. Dada alikasirika. Kimya alifurahi, akazinyakua zile ndara kama amepewa zawadi.

Akawaambia kwamba molekuli anazozitafuta, zile zenye nitrojeni ambazo dawa nyingi hutokana nazo, zina kushoto na kulia kama ndara. Kila kitu sawa, vipande sawa, uzito sawa, lakini ya kushoto haiingii mguu wa kulia. Na mwili wa binadamu ni mguu mmoja tu. Ukiupa ndara yake unapona. Ukiupa ya pili pengine haitafanya kitu, pengine itakudhuru. Malighafi yake ni bapa kama sahani. Haidrojeni ikiiangukia kutoka juu unapata ya kulia, ikiipanda kutoka chini unapata ya kushoto, na ukiiachia yenyewe utapata nusu kwa nusu. Kazi ya kichocheo ni kuishika ile sahani na kuuziba upande mmoja kwa mkono wake, haidrojeni isipate njia ila ile moja.

“Sasa chako kinatoa nini?” aliuliza shemeji.

“Nusu kwa nusu.”

“Kwa hiyo mji mzima unatafuta jozi, wewe unalia kwa sababu unapata jozi.”

“Ndiyo, shemeji.”

Kesho yake majirani walipewa habari kwamba shemeji mtu ameacha sabuni, sasa yuko kwenye viatu.

Lakini uchungu wenyewe ulikuwa hapohapo. Nusu kwa nusu. Alikibadilisha kichocheo mkono mrefu, mkono mfupi, mkono wenye pete, na kila mara matokeo yalirudi yaleyale, vilima viwili vya kimo kimoja vimesimama kwenye skrini kama meno mawili ya mbele ya mtoto. Mara nyingine mambo yalikuwa mabaya kuliko hayo, kama leo. Majimaji yaligoma kabisa kutoa fuwele, na aina hiyo ya kichocheo ikaandikwa kuwa imeshindwa bila hata kupimwa.

Haikuweza kupimwa kwa sababu ya Mama Mashine.

Mama Mashine alikuwa fundi sanifu wa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, chumba chenye kiyoyozi pekee kilichokuwa kizima, na alikilinda kama mtu anayelinda usingizi wa kichanga. Humo mlikuwa na mashine ya kutenganisha kushoto na kulia. Roho yake ilikuwa mrija mfupi wa chuma, waliouita kolamu, uliojazwa unga maalumu unaojua kubagua: molekuli za kushoto huteleza zikatoka mapema, za kulia hushikwashikwa njiani zikachelewa, na kila kundi likitoka hujichora kilima kwenye skrini. Zamani mwanafunzi mmoja aliingiza humo kitu kichafu chenye kunata. Kolamu ikaziba, mpya ikaagizwa kutoka mbali, na jengo zima likakaa bila majibu msimu mzima. Tangu hapo mlangoni palibandikwa karatasi yenye maneno ya Mama Mashine mwenyewe: KIWE CHEUPE, KIWE KIKAVU, KIWE FUWELE. Mwenye asali alirudishwa na asali yake.

Kwa hiyo Kimya alikuwa mtu wa fuwele. Akishamaliza kuchemsha, aliziotesha kwenye baridi, akazichuja, akaziosha mpaka zikang'aa, akampelekea Mama Mashine kwenye vichupa vidogo. Hata Mama Mashine, ambaye sifa kwake zilitoka kwa shida, aliwahi kusema hajaona binti msafi kama huyu. Yale majimaji ya njano yaliyobaki chini ya chujio, yaliyobeba uchafu wote, aliyamwaga kwenye pipa la taka. Fuwele zilikuwa chache, ni kweli. Hazikuwahi kufika hata nusu ya kile alichotarajia, na Profesa alizoea kumwambia kwamba ana mkono wa kumwaga. Kimya aliyapokea hayo kama alivyoyapokea mengi, kwa kuinamisha kichwa na kwenda kuosha chupa kwa uangalifu zaidi.

Leo hapakuwa na fuwele za kuosha. Saa zilikuwa zinakwenda, Redio alikuwa amefika kwenye habari za binamu yake na pikipiki, na asali ilikuwa asali. Kimya alikaa akaitazama, na kitu fulani kikaanza kumpanda kifuani. Haikuwa huzuni, aliijua huzuni. Hii ilikuwa hasira ya mtu aliyepiga foleni kwa ustaarabu tangu alfajiri, halafu dirisha linafungwa usoni mwake. Alichukua tone la ile asali, akaliyeyusha kwenye kichupa, akatoka.

Mama Mashine alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Alikitazama kichupa mkononi mwa Kimya, kisha akautazama mlango kwa upande wenye karatasi.

“Hiyo siyo fuwele, mwanangu.”

“Najua, Mama.”

“Basi unajua na jibu.”

Kwa kawaida Kimya angesema samahani, akaondoka kinyumenyume. Alibaki pale. Alieleza, kwa sauti ya chini iliyomlazimu Mama Mashine kuacha kufuta ili asikie, kwamba fuwele hazitatoka leo wala kesho, kwamba ameshafanya kila kinachofanywa, na kwamba anachohitaji ni kuona tu. Mama Mashine akaanza historia ya kolamu iliyoziba. Kimya alikuwa ameshaisikia, kila mtu katika jengo hilo alikuwa ameshaisikia, hata walinzi. Aliisikiliza tena mpaka ilipofika msimu wa mvua, hapo akaikata.

“Mama, leo wananifungia kazi. Waifunge, lakini nataka waifunge nikiwa nimeona.”

Mama Mashine aliweka kitambaa chini. Alitazama kile kichupa tena, safari hii kama mtu anayepima homa ya mtoto wa jirani. Kisha akakichukua, akilaumu malezi ya siku hizi, akakipitisha kwenye chujio jembamba, akakipitisha tena, akakiongezea kiyeyusho mpaka rangi ya asali ikatoweka kabisa. “Kolamu ikiziba,” alisema, “utaizibua kwa ulimi wako.” Akabonyeza.

Walikaa wawili mbele ya skrini. Mstari ulitambaa bapa kwa muda mrefu. Pale ambapo kilima cha kushoto huchomoza, Kimya alikaza macho, na kikachomoza: kilima kidogo, kichuguu, kitu cha kukwaa kidole tu. Mstari ukarudi chini, ukatambaa. Ulipofika zamu ya kulia ukaanza kupanda, ukapanda, ukapita pale vilima vyote vya zamani vilipokuwa vikiishia, ukaenda mpaka karibu na ukingo wa juu wa skrini.

“Umeona?” Mama Mashine alisema kwa uchungu. “Hilo ndilo jungu la uchafu. Umeniharibia mashine.”

“Siyo uchafu.” Kimya alikuwa ameegemea mbele. “Ni ya kulia. Imetoka kwa wakati wake.”

“Yote hiyo?”

“Yote.”

Mtu mwingine angeruka. Kimya alikaa palepale, mikono magotini, na kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa furaha. Kilikuwa ni lile pipa la taka.

Alitoka bila kuaga, akaenda kwenye sinki ya maabara. Maji yalikuwa yamekatika tangu mwanzo wa wiki, kwa hiyo vyombo vya wiki vilikuwa vimerundikana humo, na kati yake palikuwa na chupa ya kichocheo kilichotangulia, kile cha mkono wenye pete. Kile kilitoa fuwele, fuwele nzuri za kupendeza, nusu kwa nusu. Chini ya chupa kulikuwa bado na majimaji ya njano kidogo, mabaki ya yale yaliyomwagwa, ambayo hayakusuuzwa kwa sababu tu ya ukosefu wa maji. Akayafyonza. Mama Mashine alimwona akirudi na kichupa kingine, akafungua mdomo, akauona uso wake, akaufunga.

Kushoto, kichuguu. Kulia, mlima.

Hapo Kimya alifunika uso kwa mikono yake miwili, akaanza kumweleza Mama Mashine, kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Molekuli zikiwa kwenye fuwele hujipanga, na hizi zinapenda kujipanga mbili mbili, kushoto na kulia zimekumbatiana, kama viatu kwenye boksi la dukani. Kila kushoto hujitafutia kulia wake, wanaingia kwenye boksi, wanazama chini weupe na wazuri. Ndiyo maana fuwele zilikuwa nusu kwa nusu. Zisingeweza kuwa vingine, hata kichocheo kingekuwa kimeumbwa na malaika. Wale wa kulia waliokosa wenzi, ambao ndio waliokuwa wengi, ambao ndio ushahidi kwamba kichocheo kinafanya kazi, walibaki wakielea kwenye majimaji ya njano.

“Na majimaji ya njano?” aliuliza Mama Mashine.

“Niliyamwaga.”

“Kila mara?”

“Kila mara, Mama. Nikasuuza na chupa.”

Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya kuliko yote lilimjia akiwa njiani kwenda kwa Profesa, akasimama katikati ya ukumbi watu wakampita. Kichocheo kikiwa kizuri sana, kushoto wanakuwa wachache mno, jozi hazipatikani, na fuwele hazitoki kabisa. Vile vilivyogoma ndivyo vilivyokuwa bora. Alikuwa amevipanga vichocheo vyake kwa miaka miguu juu kichwa chini, akachagua vibaya, akavikataa vizuri, akaandika kwa mwandiko safi kwamba vimeshindwa. Hakuna mchafu ambaye angeweza kukosea hivyo. Mvivu angeingiza uji wake kwenye mashine siku ya kwanza, akapata jibu, akaenda kulala.

Mama Mashine alikwenda naye. Alisema hataki kusemwa akiwa hayupo.

Ofisi ya Profesa ilikuwa na viti vitatu, viwili vikiwa vimekaliwa na tasnifu za watu, kwa hiyo walisimama. Profesa aliipokea michoro akidhani ni taratibu tu za kuzika. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaitazama tena. Kimya alieleza, na kwa kuwa mambo yalikuwa mengi kuliko aibu yake, aliyaeleza yote mpaka mwisho bila kukatisha. Profesa alisikiliza huku uso wake ukikunjamana polepole, kama mtu anayesikia kwamba gari lililokuwa likivutwa kila siku halikuwa na ubovu wowote ila lilikuwa halijatiwa mafuta.

“Kwa nini hukusafisha kwa kupitisha kwenye unga wa silika kama watu wengine?” aliuliza hatimaye. “Silika haichagui jozi. Kila mtu anajua.”

“Silika iliisha, Profesa. Ulisema nisafishe kwa fuwele mpaka nyingine ifike.”

“Lini hiyo?”

“Kabla ya chumba hiki kupakwa rangi.”

Profesa alizitazama kuta zake, ambazo rangi yake ilikuwa imeanza kubanduka. “Na haijafika?”

“Haijafika.”

Akamgeukia Mama Mashine, akamuuliza ni nani aliyeweka kanuni kwamba mashine ya kupimia isipokee kitu kabla hakijawa fuwele. Mama Mashine alikuwa amejiandaa. Alijibu kwamba kanuni aliipendekeza yeye, akailinda yeye, na sahihi iliyo chini yake ni ya mtu mwenye tai. Profesa aliweka viwiko mezani, akashika kichwa, na kutoka huko chini ya mikono yake ikasikika pumzi ndefu, ya mtu ambaye angependa sana kumkasirikia mtu lakini amepekua na hakumpata.

“Hayo majimaji yaliyogoma. Hukubakiza hata kidogo?”

“Hapana.”

“Hata cha kupaka ukucha?”

“Nilikuwa naosha vizuri, Profesa.”

Alicheka kidogo bila kutaka, kicheko cha uchovu. Kisha akawa mtu wa kazi. Redio atachuja maji yake peke yake, alisema, na kazi ya kichocheo haifungwi. Waendelee na huu mkono mnene uliokwisha kujionyesha, wautafutie molekuli nyingine za kujaribia, waandike, wasonge mbele. Hayo ya nyuma yameshapita, hakuna haja ya kuyafukua. Alikuwa ameanza kutafuta kalamu.

Kimya alijua kwamba hapo ndipo pa kusema asante na kutoka. Ndicho alichokuja kukitafuta, na alikuwa amekipata. Lakini aliwaza vile vichocheo vilivyokaa kwenye jokofu vimebandikwa neno moja la uongo kila kimoja, kwa mwandiko wake, na akahisi ile hasira ya asubuhi ikipanda tena, safari hii imetulia.

“Hapana, Profesa.”

Profesa aliinua macho. Mama Mashine naye.

“Nataka kuanza na vile nilivyovikataa. Huenda huu mkono mnene siyo bora. Ni wa mwisho tu. Bora pengine ni ule wa pili, ambao sikuupima. Tukiandika sasa, tutakuwa tunakisia tena.”

“Hiyo ni kurudia kila kitu.”

“Ndiyo.”

“Unajua maana ya kila kitu?”

“Mimi ndiye niliyekifanya,” alisema Kimya. Sauti ilimtetemeka mwishoni, akaiacha itetemeke.

Profesa alimwangalia kwa muda, kisha akaangalia michoro, kisha ukutani. Akasema basi, kwa sauti ya mtu anayesaini kupokea mzigo mzito kuliko ulioandikwa. Akaongeza kwamba silika ataagiza leo hii, na alipoona jinsi wanawake wawili walivyotazamana, akasema ataagiza sasa hivi, wakiwa wamesimama hapo hapo, na akavuta simu.

Kimya alipotoka, alikuta dada yake amempigia simu. Akampigia, akamwambia kwamba hakufungiwa. Dada akashukuru kwa sauti kubwa, akauliza basi sasa atakuwa anawahi kurudi nyumbani. Kimya akalazimika kueleza kwamba hapana, sasa ndiyo atachelewa zaidi, kwa sababu amefaulu. Upande wa pili pakawa na ukimya wa mtu anayejitahidi kumpenda ndugu yake. Kisha dada akasema ataacha funguo kwa jirani.

Maabara ilikuwa imepoa. Alifungua jokofu, akatoa kichocheo cha mkono wa pili, akakifuta barafu, akabandua karatasi iliyosema kimeshindwa. Akaenda kwenye kabati kuchukua malighafi, ile iliyo bapa kama sahani, ili aanze. Chupa ilikuwa nyepesi. Akaifungua, akaigeuza juu ya karatasi ya mzani, akaigonga kitako kwa kiganja. Likashuka vumbi kidogo, lisilotosha hata jaribio moja. Yote aliitumia kupata fuwele.

Ingebidi atengeneze nyingine kwanza, tangu mwanzo, kazi yenye harufu ya samaki aliyesahauliwa juani, ambayo huingia kwenye nywele na haitoki kwa sabuni yoyote. Kimya alifumba macho, akatukana kwa sauti ya chini neno ambalo dada yake hakujua kwamba analijua, kisha akafunga nywele zake kwa kitambaa na kwenda kuvaa koti.